Nchi Jirani: Wananchi wa Uganda Walipoulizwa

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu wapiganaji na askari polisi mlioko makambini, vituoni na mipakani, katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tutalitazama jambo ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa ni kazi ya askari. Jambo lenyewe ni mashauriano: yaani namna ya kumshirikisha mwananchi wa kawaida, mkulima, mvuvi, muuza ndizi na mwalimu wa shule ya msingi, katika kuyaamua mambo ya nchi yake kabla hayajawa sheria. Tutatumia mfano wa Uganda, nchi ambayo kati ya mwaka 1988 na 1995 ilitumia miaka saba kuwauliza wananchi wake wanataka kutawaliwa kwa namna gani.

Huenda baadhi yenu mkajiuliza: hayo yanatuhusu nini sisi tulioapa kutii na kulinda? Yanawahusu sana. Mashauriano yanapovunjika, anayetumwa wa kwanza ni askari. Ndiye anayesimama barabarani, ngao mkononi, mbele ya vijana ambao pengine walisoma darasa moja na mdogo wake. Ndiye anayelala handakini kwa sababu wakubwa fulani walikataa kuketi meza moja. Na mambo yanapotulia, ndiye anayebaki na majeraha yake, au na kumbukumbu ya yale aliyoamriwa kuyatenda. Kwa hiyo askari anayo haki kamili ya kutaka kujua kama sheria anayoilinda imetokana na ridhaa ya watu, au imetoka mfukoni mwa wachache.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, ikiwa na katiba iliyojadiliwa katika mikutano ya London baina ya viongozi wachache na serikali ya Uingereza. Mkulima wa Kigezi na mfugaji wa Karamoja hawakuulizwa. Katiba hiyo haikutimiza miaka minne. Mwezi Februari 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliisimamisha, na tarehe 15 Aprili mwaka huo huo Wabunge walitakiwa kuipitisha katiba nyingine ambayo walikuwa hawajaisoma. Waliambiwa kwamba nakala zao watazikuta baadaye katika visanduku vyao vya barua. Nje ya Bunge walikuwako wanajeshi. Wananchi wa Uganda wakaipa katiba hiyo jina la visanduku vya barua, na jina hilo limedumu kuliko katiba yenyewe.

Haikupita miezi miwili. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi, chini ya Kanali Idi Amin, liliishambulia kasri ya Kabaka huko Mengo, na Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye kabla ya hapo alikuwa pia Rais wa nchi, akakimbilia uhamishoni. Mwaka 1967 ikaja katiba ya tatu. Lakini jeshi lilikuwa limekwisha kufundishwa somo moja baya, kwamba ugomvi wa kisiasa unamalizwa na bunduki. Mwanafunzi aliyelishika vizuri zaidi somo hilo alikuwa Amin mwenyewe. Tarehe 25 Januari 1971 alimpindua yule yule aliyemtuma Mengo.

Ndugu wapiganaji, yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa urefu mbele yenu. Miongoni mwenu wako ambao baba zao walivuka mto Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia ardhi yetu, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliingia Kampala. Dhalimu aliondoka. Lakini je, amani ilipatikana? Katika muda wa miaka saba tu baada ya hapo serikali ya Uganda ilibadilika mara kadhaa: alikuja Yusuf Lule, akaja Godfrey Binaisa, ikaja Tume ya Kijeshi, akarudi Obote, akaja Jenerali Tito Okello, na hatimaye tarehe 26 Januari 1986 wapiganaji wa Yoweri Museveni wakauteka mji mkuu. Ushindi wa vitani ulimwondoa mtawala mbaya, wala haukuweza kuwapa wananchi wa Uganda makubaliano ya namna ya kuishi pamoja. Makubaliano hutengenezwa na watu wenyewe, kwa mdomo na kwa subira.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha mazungumzo yetu. Wakati wa vita vya msituni, katika eneo la Luwero, wapiganaji wa Museveni walianzisha mabaraza ya vijiji. Baada ya 1986 mabaraza hayo, yaliyoitwa mabaraza ya upinzani kwa kuwa yalizaliwa vitani, yalienezwa nchi nzima. Kila mtu mzima wa kijiji alikuwa mjumbe wa baraza la kijiji chake, na baraza lilichagua kamati ya watu tisa. Kutoka kijijini ngazi zilipanda hadi muluka, gombolola, saza na wilaya. Hivyo ilipofika wakati wa kutafuta katiba mpya, lilikuwapo tayari jamvi ambalo watu walizoea kuketi na kusemezana.

Mwaka 1988 ikatungwa sheria ya kuunda Tume ya Katiba yenye wajumbe 21, na Jaji Benjamin Odoki akawa mwenyekiti wake. Sheria iliitaka Tume ikusanye maoni ya wananchi. Kazi hiyo ingeweza kufanywa kijuujuu: wajumbe wapite mijini, wasikilize hotuba za wazee mashuhuri, wapige picha, warudi Kampala wakaandike walichokuwa wamekusudia tangu mwanzo. Tume ya Odoki haikwenda hivyo. Ilitambua kwamba mtu hawezi kutoa shauri la maana juu ya jambo asilolijua, na kwamba watu wengi hawajapata kuiona katiba kwa macho. Kwa hiyo ilianza na elimu. Semina zilifanywa wilayani, kisha zikateremka hadi kwenye magombolola. Yalitayarishwa maswali ya kuongoza mjadala, nayo yakatafsiriwa katika lugha za wenyeji: Je, rais awe na madaraka gani? Ardhi iwe ya nani? Wafalme wa jadi warudishwe? Vyama vya siasa viruhusiwe? Jeshi liwe chini ya nani?

Baada ya elimu ndipo yakaja maoni. Mabaraza ya vijiji yaliketi, yakabishana, yakaandika. Waliandika akina mama, wakaandika wafanyakazi, wakaandika wanafunzi katika mashindano ya insha. Maandiko yaliyoifikia Tume yalikuwa 25,547. Tume haikuyafungia kabatini. Pamoja na taarifa yake na rasimu ya katiba ilitoa pia orodha ya mahali maoni yalikotoka, ili mwananchi aweze kupima kama kilichoandikwa kinafanana na kilichosemwa. Kazi iliyotarajiwa kuchukua miaka miwili ikaendelea hadi mwisho wa mwaka 1992. Wako waliolalamika kwamba ni gharama na ni kupoteza wakati. Lakini ukilinganisha na miaka 20 ya mapinduzi na vita, miaka ile ya kusikilizana ilikuwa ya bei nafuu.

Sasa, ndugu askari, sikilizeni jambo hili linalowahusu ninyi moja kwa moja. Mpango wa awali wa serikali ulikuwa kwamba rasimu itakapokuwa tayari, itajadiliwa na kupitishwa na bunge la muda la wakati ule likiketi pamoja na Baraza la Jeshi. Kwa maneno mengine, walioshinda vita wangeitunga katiba. Katika historia ya dunia hilo si jambo geni. Lakini Tume iliporudi kutoka kwa wananchi ilileta jibu jingine: watu wanataka katiba yao ipitishwe na wajumbe watakaowachagua wenyewe kwa ajili ya kazi hiyo. Serikali ilikubali, na jeshi lilikubali. Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya kuunda Bunge la Katiba, na tarehe 28 Machi 1994 wananchi wakapiga kura ya kuwachagua wajumbe wao.

Katika Bunge hilo wajumbe 214 walichaguliwa moja kwa moja na wananchi. Kila wilaya ilimtoa mjumbe mmoja mwanamke, jumla 39. Walikuwapo wajumbe wa vijana, wa wafanyakazi, wa walemavu na wa vyama vinne vya siasa. Na jeshi, lile lile lililoteka nchi nzima kwa silaha, lilipewa viti 10. Tafakarini maana yake. Mwanajeshi aliingia ukumbini bila bunduki yake. Hoja yake ilipimwa kama hoja ya mwalimu au ya mkulima, na kura yake ilihesabiwa moja. Hakudhalilika kwa hilo. Bali alipata kitu ambacho ushindi wa vitani haukuweza kumpa: nafasi ya kueleza mwenyewe, mbele ya taifa, jeshi linahitaji nini na linaogopa nini, na kuambiwa na raia uso kwa uso wao nao wanaogopa nini kwake.

Katiba ilikamilishwa mwezi Septemba 1995 na kutangazwa rasmi tarehe 8 Oktoba mwaka huo. Ibara yake ya 1 inasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 208 inalitaka jeshi liwe la kitaifa, lisiloegemea upande wowote wa siasa, lenye nidhamu, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Polisi nao wamewekewa masharti ya namna hiyo, na vyombo vyote vya usalama vimeagizwa kuheshimu haki za binadamu katika kazi zao. Maneno hayo hayakutoka kwa mshauri wa kigeni aliyelala katika hoteli ya Kampala. Yalitoka kwa watu waliokwisha kuliona jeshi likiwapora na kuwaua, na wakataka lisirudie.

Lakini haifai kuusimulia mfano huu kana kwamba haukuwa na dosari. Dosari zilikuwapo, na baadhi zilikuwa kubwa. Vyama vya siasa vilikuwa vimezuiwa kufanya shughuli zao, na wagombea wa Bunge la Katiba walitakiwa wasimame kila mtu kwa sifa yake binafsi. Wapinzani walisema, na si bila sababu, kwamba uwanja haukuwa sawa. Kaskazini mwa nchi vita vilikuwa vikiendelea, na mtu anayekimbia na watoto wake usiku hawezi kushiriki semina ya katiba asubuhi. Watu wengi wa Buganda walitaka mfumo wa shirikisho, hawakuupata. Mashauriano hayamaanishi kwamba kila mtu anapata alichokitaka. Maana yake ni kwamba aliyekosa anajua kwa nini amekosa, na anajua mlango wa kurudi nao haukufungwa.

Na je, mlango huo ulibaki wazi? Hapa ndipo penye funzo chungu. Miongoni mwa mambo yaliyowekwa katika katiba ya 1995 ni kwamba mtu asiwe rais kwa zaidi ya vipindi viwili, na kwamba mgombea wa urais asizidi umri wa miaka 75. Mwaka 2005 Bunge liliondoa ukomo wa vipindi. Mwaka 2017 likaondoa ukomo wa umri. Safari hii hapakuwa na miaka minne ya semina katika magombolola. Tarehe 27 Septemba 2017 palizuka ghasia ndani ya ukumbi wa Bunge, na watu wa usalama wakaingia na kuwatoa Wabunge kwa nguvu. Mwezi Julai 2018 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu ya umri isimame, lakini ilifuta kifungu ambacho Wabunge walikuwa wamejiongezea muda wao kutoka miaka 5 hadi 7. Yaliyojengwa na wengi kwa miaka saba yaliweza kubadilishwa na wachache kwa miezi michache. Na aliyeitwa kuingia ukumbini siku ile alikuwa nani? Alikuwa askari, yule yule ambaye ibara ya 208 ilitaka asiegemee upande wowote.

Ukivuka upande wa Kenya utalikuta tatizo hilo kwa sura nyingine. Katiba ya Kenya, iliyokubaliwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, inautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa ni moja ya misingi ya taifa, na katika ibara ya 118 inalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Mwaka 2024 ulipoletwa Mswada wa Fedha, maoni ya wananchi yalipokelewa kweli kweli na kamati ya Bunge. Baadhi ya kodi, kama ile ya mkate, ziliondolewa. Lakini vijana wengi waliona kwamba wameulizwa na hawakusikilizwa. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge liliupitisha mswada, na siku ile ile umati ukaingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Polisi walifyatua risasi, watu wakauawa, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia mswada huo saini. Swali linalobaki ni hili: kama mswada uliweza kuachwa tarehe 26, kwa nini haukuweza kuachwa kabla damu haijamwagika? Kuuliza kwa ajili ya kutimiza sheria tu ni sawa na kubisha hodi huku umekwisha kuingia ndani.

Hatuyasemi haya kama watu wanaochungulia ua wa jirani huku wa kwetu hatujaufagia. Nasi tumepita njia hiyo. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchini kuuliza kama tuendelee na chama kimoja au tuingie katika vyama vingi. Wengi wa waliotoa maoni, kiasi cha watu wanane katika kila kumi, walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilizipima pia hoja za wale wawili, ikaona zina uzito, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Baadaye, kuanzia mwaka 2012, Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni juu ya katiba mpya. Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba 2014, lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa. Kwa hiyo nasi tunajua kwamba kuanza mashauriano ni rahisi kuliko kuyafikisha mwisho.

Na mabadiliko yale ya 1992, ndugu wapiganaji, yaliwagusa ninyi kabla ya kumgusa mtu mwingine. Katika zama za chama kimoja askari aliweza kuwa mwanachama na kushika kadi ya chama. Vyama vingi vilipokuja, katiba yetu katika ibara ya 147 ikamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, na ikaeleza kwamba katazo hilo linawahusu pia polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kura yake askari anayo kama raia yeyote. Uganda ilichagua njia nyingine, ikaliacha jeshi na viti 10 bungeni. Nchi mbili jirani, majibu mawili. Lakini swali lilikuwa moja: askari awe wa nani? Na kila jibu linasimama imara kwa kadiri lilivyotokana na mashauriano ya kweli.

Basi katika mfano huu tunaweza kujifunza nini? Kwanza, kwamba mashauriano ni sehemu ya ulinzi wa taifa. Sheria ambayo wananchi waliijadili wenyewe hupata watetezi katika kila kijiji, na askari anayeilinda hayuko peke yake. Sheria iliyofichwa katika visanduku vya barua humhitaji askari kila kona, usiku na mchana, na mwisho wake humshinda.

Pili, mashauriano yana masharti yake. Watu waelezwe jambo kabla ya kuulizwa. Waulizwe kwa lugha wanayoielewa. Wapewe muda. Kisha warudishiwe jibu, kwamba hili tumelichukua na hili tumeliacha kwa sababu fulani. Likikosekana hilo la mwisho, hayo mengine yote hugeuka kuwa tamthilia, na watu wakichoka na tamthilia hutoka barabarani.

Tatu, askari naye anayo nafasi yake, tena kubwa. Polisi anayelinda mkutano wa kijiji ili kila mtu aseme bila hofu, awe anaisifu serikali au anaikosoa, anafanya kazi ya usalama iliyo bora kuliko kuutawanya mkutano huo kesho kwa virungu. Ofisa anayewasikiliza askari wake kabla ya kutoa amri isiyo ya dharura anaijua faida yake: amri inapotoka hutekelezwa kwa moyo. Jambo hilo analolijua kambini ndilo taifa zima linalolihitaji.

Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Uganda ilithibitisha usemi huo mwaka 1995. Na mwaka 2017 ikaonyesha kwamba neno huweza kuharibika pale wengi wanapowekwa kando. Jirani zetu wamelipia masomo hayo kwa damu, kwa fedha na kwa miaka ya watu wao. Sisi tunayapata bure, kwa kusikiliza tu. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Ndugu wasikilizaji, huo ndio mwisho wa mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani.